Mende kama chakula hai: samaki akiyumba, kuku akitokwa machozi, beseni likinuka

Mtu akikuambia samaki wake amekufa kwa sababu ya mende, muulize kwanza mende huyo kamtoa wapi. Mara nyingi jibu limo humo. Mende mwenyewe ni chakula kizuri: protini nyingi, mafuta ya kutosha, na anatembea, jambo linalomrudishia hamu hata mnyama aliyekwisha kuzichoka punje za dukani. Kinachodhuru ni alichokula mende kabla hajaliwa, alikopita, na wingi unaotoa. Kwa hiyo hapa tunaanza na mende, kisha ndiyo tuingie kwenye tangi na bandani.

Kwanza mjue mende wako

Wako wa aina tatu utakaokutana nao. Yule mkubwa wa kahawia iliyoiva, sentimita 3 hadi 4, mwenye ukingo wa manjano nyuma ya kichwa, ni Periplaneta americana. Jina lake limempeleka Marekani lakini asili yake ni Afrika. Makao yake ni shimo la choo, chemba na mitaro. Yule mdogo wa jikoni, sentimita moja na nusu hivi, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni Blattella germanica. Anaishi nyuma ya friji na ndani ya kabati la vyombo. Wa tatu ni wa kijivu, Nauphoeta cinerea, sentimita 2.5 hadi 3, mwenye michoro myeusi mgongoni karibu na kichwa. Hupenda maghala ya nafaka na vyakula vya mifugo. Huyu jike lake halidondoshi kifuko cha mayai. Hukibeba tumboni hadi watoto watoke wakitembea, takriban 30 kwa uzao mmoja.

Wa kufuga ndani ya beseni ni huyo wa kijivu. Wa chooni na wa jikoni wasiguse mdomo wa mnyama wako, hata kama wamejaa nyumba nzima na wanapatikana bure. Sababu zitaonekana mbele.

Samaki anayumba, anapinduka au anatetemeka muda mfupi baada ya kula

Hii ni sumu mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa nyingi za kupulizia, chaki ya mende na hata dawa za mbu zina kemikali za jamii ya pareto. Kwenye lebo utaona majina kama cypermethrin, deltamethrin au permethrin. Samaki hawana uwezo mzuri wa kuzivunja kemikali hizo mwilini, na maikrogramu chache tu ndani ya lita moja ya maji zinatosha kuua. Na asikudanganye mtu kwamba pareto ya asili, ile ya maua ya Mafinga au Nakuru, haina neno kwa kuwa ni mmea. Kwa binadamu ina unafuu. Kwa samaki ni sumu vilevile.

Hapo ndipo watu hubabaika: mende yule yule ukimpa kuku, kuku anameza na kuendelea kuparura. Ndege wanazivumilia sana dawa za jamii hii. Basi mwenye mifugo anajiridhisha kwamba mende ni salama, anamtupia Oscar wake (samaki mkubwa wa tangi, mla nyama), na kufika jioni samaki yuko ubavu.

Kosa la pili ni kuamini kwamba mende aliye hai hana dawa. Mende mdogo wa jikoni amepigwa dawa vizazi na vizazi hadi amekuwa sugu. Anakanyaga chaki, anapita juu yake, anaondoka na unga wake miguuni akiwa mzima kabisa. Mchukue mmoja aliyevuka mstari wa chaki, mweke juu ya karatasi nyeusi, utaona alama nyeupe za miguu yake anapotembea. Ndicho unachokwenda kukitia majini.

Dalili ikitokea, toa mabaki yote ya mende kwa wavu, mhamishie samaki kwenye chombo chenye maji masafi yaliyokwisha kutolewa klorini na yenye pampu ya hewa, kisha badilisha nusu ya maji ya tangi. Ukiwa na makaa amilifu ya chujio, yaweke. Yanavuta kemikali hizi. Mkaa wa jikoni haushiki nafasi yake. Dawa ya kumpa samaki anywe apone haipo, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia, mwache na dawa yake.

Sumu ya jeli inayowekwa pembeni za makabati ni habari nyingine. Nyingi zina fipronil, ambayo ni kali kwa samaki, na pia kwa kuku, kware na mijusi. Ule uvumilivu wa ndege niliousema haupo hapa. Nyumba iliyowekwa jeli, usitoe mende wake kwa mnyama yeyote.

Samaki wote wanahema juu ya maji, hasa alfajiri

Hapa usikimbilie sumu. Angalia tofauti: aliyekula sumu ni yule aliyekula mende, naye huyumba. Wakiwa wote wako juu, waliokula na wasiokula, na hali inatulia ukiwasha pampu, basi ni upungufu wa hewa.

Mende ana mafuta. Ukitupia wengi, na hasa ukitupia waliopondeka, juu ya maji hutanda ngozi nyembamba inayong'aa rangi za upinde ukiiangalia kwa ubavu. Ngozi hiyo inazuia hewa kuingia majini. Juu ya hapo kuna miguu na mbawa zilizotemwa ambazo zimezama nyuma ya mawe na kuanza kuoza usiku kucha. Tandaza karatasi ya gazeti juu ya maji, iache ishike, ivute polepole upande mmoja. Utando unaondoka nayo. Rudia kwa karatasi nyingine. Kisha elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji uchezecheze. Kuanzia siku hiyo toa mende mmoja mmoja, usubiri amezwe ndipo umtupie mwingine, na kisichomezwa kitoke kabla hujazima taa.

Anamdaka, anamtema, anamdaka tena

Mguu wa nyuma wa mende una miiba. Mshike mmoja chini ya taa umtazame: ni safu mbili za miiba migumu inayoelekea chini, na ndiyo inayomchoma samaki kooni. Kata miguu ya nyuma na mbawa, au bora zaidi, toa tunutu, yaani mende wachanga wasio na mbawa. Ukubwa uwe usiozidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mnyama. Kipimo hiki kinafaa kwa samaki, mijusi na vyura vilevile.

Ukimkuta mende mweupe pe ndani ya beseni, usimtupe ukidhani ana ugonjwa. Amejivua gamba sasa hivi, bado laini, na baada ya saa chache atarudi rangi yake. Huyo ndiye wa kumpa samaki aliyekuwa anatema, au mjusi mzee mwenye taya dhaifu.

Kuna mende wanaofika majini na kuogelea moja kwa moja hadi kwenye bomba la chujio na kupanda juu. Waweke kwanza kwenye friji ndani ya chupa iliyofungwa, dakika kumi hivi, watalegea. Halafu mshikilie kwa kibanio juu ya maji. Arowana (samaki mrefu wa tangi, mla nyama) na Oscar hujifunza haraka kumchukua hapo. Ila Arowana anaruka, kwa hiyo mfuniko usiwe mbali.

Tumbo limevimba, kinyesi cheupe kama uzi, hataki kula

Swali langu la kwanza: ni samaki wa aina gani? Watu hununua siklidi (jamii moja na sato) kwa rangi zao wakasahau kuuliza wanakula nini. Mbuna wengi wa Ziwa Nyasa, na Tropheus wa Ziwa Tanganyika wanaovuliwa huko Kigoma, ni walaji wa mwani unaoota juu ya mawe. Utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa majani. Wape protini nzito ya wadudu kila siku na uvimbe ni suala la muda tu. Hao mende si wao. Simamisha chakula siku mbili au tatu, badilisha maji, kisha rudi kwenye chakula cha mwani na mchicha uliochemshwa kidogo.

Oscar, Arowana, kambare na siklidi wakubwa walao nyama wanaweza kula mende mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine chakula cha kawaida. Goldifishi nao humeza tunutu wadogo, lakini si chakula cha kuwazoesha. Ukiona magamba yamesimama mwili mzima, tatizo limekwisha kupita suala la mlo. Mtenge samaki huyo.

Kuku anatokwa machozi, anakuna jicho kwa bawa, ukope wa ndani unapepesa

Wafugaji wengi huita mafua na kuanza kununua dawa za mafua. Kabla ya kutoa hela, mshike kuku, inua taratibu ule ukope mwembamba wa ndani kwenye kona ya jicho, uangalie kwa tochi. Ukiona vitu vyeupe vyembamba, urefu wa sentimita moja na zaidi kidogo, vinavyojinyonga, hao ni minyoo ya macho, Oxyspirura mansoni. Mbebaji wao ni mende, hasa Pycnoscelus surinamensis, mende mwingine tofauti na wale watatu, anayechimba kwenye udongo na matandiko ya banda.

Safari yake ni hii. Yai la mnyoo linatoka na kinyesi cha kuku, mende anakila kinyesi, mnyoo mchanga anakua ndani ya mende kwa wiki kadhaa. Kuku akimmeza mende, mnyoo anatoka kwenye gole (mfuko wa chakula shingoni), anapanda koo hadi mdomoni, anaingia kwenye mfereji wa machozi na kutokea jichoni. Hilo halichukui siku. Ni suala la dakika.

Minyoo hiyo hutolewa na mtaalamu wa mifugo baada ya jicho kutiwa dawa ya ganzi. Usijaribu na kibanio cha nyusi. Kinga yenyewe ni kubadilisha matandiko yaliyolowa na kutowapa kuku mende waliookotwa bandani. Mende waliozaliwa ndani ya beseni lako, ambao hawajawahi kuonja kinyesi cha ndege, hawana mnyoo huu. Na hapo ndipo utaona ubaya wa kuwawekea mende wako trei za mayai zilizochafuka kutoka banda lilelile: unarudisha kinyesi kwenye mzunguko, pamoja na Salmonella, bakteria wa kuharisha.

Mjusi au kinyonga anapinda miguu, taya limelegea, anashindwa kupanda

Ni mifupa. Mende ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mnyama anayekula mende pekee huishia kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Kausha maganda ya mayai jikoni, yasage yawe unga laini, uyachekeche. Mfupa wa ngisi unaookotwa ufukweni nao unafaa ukisagwa. Tia mende kwenye mfuko pamoja na unga kidogo, tikisa, mpe mnyama papo hapo, maana mende hujisafisha na akikaa saa chache unga wote umekwisha. Chokaa ya kupakia nyumba isije ikaingia hapa: inaunguza.

Bila jua kalsiamu hiyo haifanyi kazi. Na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina ile miale inayohitajika, kwa hiyo kumweka mjusi dirishani ni kujifurahisha. Mtoe nje kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja, asubuhi.

Saa 24 hadi 48 kabla ya kuwatoa mende, wape mboga za majani, karoti na boga. Wengine huwajaza dagaa ili "wanenepe". Mende anayelishwa protini kupita kiasi huhifadhi yurati nyingi (taka zinazobaki protini ikivunjwa) mwilini mwake, na hizo zote anazirithi anayemla. Sioni faida yake. Kobe wa nchi kavu, yule wa magamba yenye madoa, ni mla nyasi. Usimpe mende hata akionekana kuwataka.

Nikiwa hapa niseme kwamba kinyonga wa porini si wa kuokota tu. Kufuga wanyamapori Tanzania na Kenya kunahitaji kibali cha mamlaka husika, na kinyonga wengi wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Mende wenyewe wanakufa

Soma namna wanavyokufa. Wamelala chali usiku mmoja, miguu inachezacheza: ni dawa. Mtu amewasha udi wa mbu chumbani, amepulizia dawa chumba cha pili, au matunda uliyowapa hayakuoshwa wala kumenywa. Hata boksi la dukani linaweza kuwa limepuliziwa. Wanakufa mmoja mmoja, wamesinyaa: maji hayatoshi. Wanakufa wachanga tu: wamezama kwenye kisosi cha maji. Toa kisosi, weka pamba iliyoloweshwa au vipande vya karoti na tango. Mbawa zimetafunwa na miguu haipo: wanakulana kwa kiu, kwa njaa au kwa msongamano. Na ukikuta maganda matupu na msururu mwembamba ukutani, ni sisimizi. Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na tone la sabuni.

Hawafi, lakini hawaongezeki

Baridi. Mende wa kijivu anataka nyuzi 28 hadi 32, na giza. Dar es Salaam na Mombasa hupati shida hiyo, lakini Njombe, Limuru au Nairobi mwezi wa Julai wanakaa tu wakila bure. Sogeza beseni karibu na sehemu yenye joto la kudumu, kwa mfano juu ya friji. Chini weka trei za mayai za karatasi zikisimama wima, si kulala, ili kinyesi kidondoke chini.

Sababu ya pili ni mkono wako mwenyewe. Unachagua wale wakubwa walionona kumpa samaki, na hao ndio majike wenye mimba. Toa tunutu wa kati na madume. Mgeuze: sahani ya mwisho chini ya tumbo la jike ni pana, ya dume ni ndogo. Acha miezi mitatu bila kuvuna ukianza upya.

Kama umefuga yule mkubwa wa kahawia, ni haki uchoke. Kifuko chake chenye mayai kama 15 hukaa wiki sita au zaidi, na mtoto huchukua kuanzia nusu mwaka hadi zaidi ya mwaka kukomaa. Tena unapofagia unatupa vifuko ukidhani ni uchafu.

Beseni linanuka, au kuna vumbi linalotembea

Mende waliotunzwa vizuri hawanuki sana. Harufu kali inayochoma pua ni unyevu pamoja na protini: dagaa iliyobaki, tunda lililooza, mfuniko usiopitisha hewa. Toa chakula kibichi kila baada ya siku moja, chakula kikavu (pumba au chakula cha vifaranga) kikae upande wake.

Vumbi linalotembea ni utitiri wa nafaka. Hauwadhuru sana mende wenyewe lakini unajaa kila mahali. Unapenda unyevu, kwa hiyo kausha. Hamisha mende kwa kuwakung'uta kutoka kwenye trei kuingia beseni jipya, choma trei za zamani, osha beseni kwa maji ya moto, lianike juani. Pumba mpya ikae kwenye friza siku mbili kabla ya kutumika.

Wanatoroka

Maelekezo mengi kutoka Ulaya na Marekani yameandikwa kwa ajili ya Blaptica dubia, mende wa Amerika Kusini asiyeweza kupanda plastiki laini. Ukiyafuata na mende wa kijivu, asubuhi utawakuta kwenye pazia. Wa kijivu anapanda kioo, anapanda plastiki. Paka mafuta ya mgando ukanda wa sentimita 5 hadi 8 ndani ya ukingo wa juu, mzunguko mzima bila kuacha upenyo, na uupake upya vumbi likiushika au joto likiuyeyusha. Mfuniko utobolewe na kuzibwa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo.

Agosti 2013 huko Dafeng, mkoa wa Jiangsu nchini China, mende wasiopungua milioni moja walitoka kwenye shamba la mfugaji baada ya jengo lao kubomolewa na mtu asiyejulikana. Walikuwa hao hao wakubwa wa kahawia. Kama una majirani wa ukuta mmoja, hilo litoshe kukuamulia aina ya kufuga.

Wewe unapiga chafya

Kinyesi na maganda ya mende ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu. Anayeanza kwa mafua mepesi kila anapofungua beseni, baada ya miezi anaweza kufika kwenye kifua kinachobana. Safishia nje, vaa barakoa, lowesha kinyesi kidogo kabla ya kukifagia kisirushe vumbi. Nyumba yenye mtoto wa pumu isiwe na beseni la mende ndani, hata chumba cha stoo.

Na ukiamua kuacha kabisa, usiwamwage jalalani wala mtaroni. Funga beseni zima kwenye mfuko, litie kwenye friza kwa siku mbili tatu, kisha yaliyomo yafukie kwenye mboji. Trei choma, maana kwenye mikunjo yake huwa kuna wachanga wasioonekana.